Kwaya Mlangoni

Benchi lilianza kutetemeka wakati kwaya ya nne ikiimba. Nilikuwa nimekaa mwisho wa safu ya tatu, daftari la katibu mapajani, nikitazama saa kuona kama walioko mbele wamemaliza dakika zao 12. Mpiga kinanda akafungulia mdundo. Spika mbili za besi tulizokodi, kila moja ukubwa wa kabati la nguo, zikaitikia, na ule mtetemo ukaingia sakafuni, ukapanda kwenye miguu ya benchi, ukanifika mgongoni. Kwingine kokote watu wangesema muziki umekolea. Lakini hapo ni Bukoba, na ilikuwa Oktoba 2016.

Mama mmoja aliyekaa karibu na nguzo alimnyanyua mwanawe akatoka mbio. Hakupiga kelele. Waliokuwa nyuma yake wakainuka, waliowaona hao nao wakainuka, na kabla kwaya haijamaliza kiitikio watu walikuwa wanasukumana mlangoni. Bibi mmoja alijikwaa kwenye kizingiti akaumia goti. Muziki ukazimwa. Mchungaji akashika maiki, akasema kwa upole kwamba hakuna kitu, ni spika tu, turudi tukae. Wachache walirudi. Wengi walibaki nje gizani, wamesimama mbali na kuta, wakitutazama sisi tuliobaki chini ya paa kama mtu amtazamavyo mtoto anayecheza kwenye ukingo wa kisima.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba mwaka ule, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Kagera ilikuwa imetikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Lilisikika Uganda, lilisikika Rwanda, lakini pigo lilikuwa kwetu. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia wakaumia, na nyumba nyingi mno zikaanguka au zikapasuka hata zisikalike. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa kuwa majengo hayakufaa tena kulaza wanafunzi. Saa ile kwaya yetu ilikuwa inakusanyika kwa mazoezi ya Jumamosi. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni mstari wa soprano na mstari wa alto. Mstari wa teno hakuuandika.

Wiki zilizofuata mji ulilala nje. Hata wenye nyumba nzima waliogopa kuingia, kwa sababu ardhi ilirudia kutikisika kidogo kidogo, na kila ikirudia mtu alihesabu upya watoto wake. Turubai likawa ndilo paa. Na ni katika hali hiyo, kwa nia njema kabisa, usharika wetu wa Kilutheri ulipoamua kuandaa jioni ya nyimbo na maombi.

Ratiba niliiandika mimi. Ninayo mpaka leo. Kwaya tisa, kila moja dakika 12. Neno la ufunguzi, salamu za wageni, salamu za wazee, matangazo, sadaka. Chini kabisa, mstari wa mwisho kabla ya baraka, nimeandika: maombi, dakika 20. Sikuona kosa, maana ndivyo nilivyozoea kuona ratiba za namna hiyo tangu nijiunge na kwaya. Kila kwaya ilikuwa imetunga wimbo wa tetemeko, kila kwaya ilikuwa na sare, na kumwambia mwalimu wa kwaya ya jirani kwamba safari hii hana nafasi ni kutafuta ugomvi wa miaka mitatu. Basi nyimbo zikapewa saa nzima na karibu nyingine juu yake, na maombi tukayawekea makombo. Usiku ule hata makombo hayakuliwa. Mchungaji aliomba dakika tano mbele ya mabenchi matupu, na waliohitaji kuombewa walikuwa nje.

Hilo la kwamba walikuwa nje ndilo lililonifuata nyumbani. Spika nilikodi mimi. Nilikwenda mwenyewe kwa fundi mitambo, akaniuliza kanisa linachukua watu wangapi, nikamtajia, akasema basi besi mbili zinatosha. Hatukuulizana watu hao wametoka kupatwa na nini. Nimekaa kwenye kamati nyingi tangu hapo, na jambo hilo naliona lile lile: tunauliza idadi ya viti, idadi ya maiki, idadi ya kwaya, na hatuulizi mtu atakayekikalia hicho kiti amebeba nini mwilini mwake.

Mwezi wa sita mwaka 2017 Baraza la Wazee liliniita. Tarehe 10 Septemba mwaka huo ingeangukia Jumapili, na walitaka mwaka mmoja wa tetemeko utimie kanisani, jioni, kwa nyimbo na maombi. Nikawaomba watafute mtu mwingine. Mama Mwenyekiti wa kina mama, ambaye huwa hasemi mpaka wengine wamalize, akanigeukia. “Katibu, wewe ndiye unayejua palipoharibika. Tukimpa mgeni wa jambo hili, naye atakwenda kukodi spika.” Nikakubali, na nikamwomba tufanye kazi pamoja.

Yeye ndiye aliyesema kwamba kabla ya kuandika hata herufi moja twende tukawaone waliokimbia. Jumamosi tatu tulizunguka Hamugembe na Kashai, yeye mbele na mwavuli wake, mimi nyuma na daftari ambalo alinikataza kulifungua. Hakuuliza habari za nyimbo. Aliuliza habari za nyumba, za shamba la migomba, za mtoto aliyekuwa na homa mara ya mwisho. Tuliletewa kahawa ya kutafuna kwenye vikapu vidogo kama ilivyo desturi ya Wahaya kumpokea mgeni, tukatafuna, tukanyamaza, na katika kule kunyamaza ndiko mtu alikoanza kusema. Mzee mmoja alituambia kwamba mpaka wakati huo analala amevaa viatu. Mama mwingine alisema hapiki tena chakula cha kuchemka muda mrefu, kwa sababu kifuniko cha sufuria kikitikiswa na mvuke moyo wake unakimbia.

Yule bibi aliyeumia goti tulimkuta anapalilia maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea jembe lake.

“Waitu, nyimbo nazipenda. Nitakuja. Ila ndani siingii.”

Mama Mwenyekiti akamweleza kwamba fundi amekwisha kagua kuta zote, ufa wa juu ya mlango umezibwa, kanisa ni salama.

“Fundi amekagua ukuta,” bibi akasema. “Mimi hajanikagua. Nitakaa chini ya mparachichi.”

Wenye jibu kama lake walikuwa zaidi ya kumi, na hao ni wale tu tuliowafikia kwa miguu.

Tuliporudi barazani na habari hiyo, Mchungaji alisema jambo ni rahisi, ibada yote ifanyike nje kwenye nyasi. Mwalimu wa kwaya akatikisa kichwa. Huyu ni mtu wa ubao na chaki, aliyelelewa kwenye zile nota za do, re, mi alizozieneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 na ambazo ziliingia Afrika Mashariki na wamisionari zikakaa kwetu kana kwamba zilizaliwa hapa. Kinanda hakihitaji. Kabla ya wimbo hutoa sauti kwa koo lake mwenyewe: do kwa besi, so kwa teno, mi kwa alto, do ya juu kwa soprano, halafu hunyanyua mkono, na watu 32 wanaingia pamoja. Akatueleza, bila haraka, kwamba sauti nne bila ukuta ni kama maji bila chombo. Jioni upepo wa Ziwa Victoria unafagia kiwanja chetu moja kwa moja. Alto itapotea kwanza. Waliokaa mbali watasikia soprano tu, nusu ya neno, nusu ya wimbo. Labda tukodi spika, mzee mmoja akasema, kisha akajikatiza mwenyewe.

Mwingine akapendekeza turubai kubwa lifungwe toka mlangoni hadi kwenye mti, tuwe na ukuta wa namna fulani. Hapo Mama Mwenyekiti akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. “Watu hawa wamelala chini ya turubai miezi. Watoto wamezaliwa chini ya turubai. Msiwaite kumshukuru Mungu chini ya turubai.” Likafungwa hilo, na likaandikwa kwenye mihtasari.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alitupanga madhabahuni, mahali petu pa siku zote, akatupa wimbo mmoja tuuimbe beti zote, naye akatoka nje. Tulimwona kupitia mlango ulio wazi akitembea kuelekea mparachichi, kichwa ameinamisha upande. Akarudi, akasema kule hakuna kitu. Akatusogeza katikati ya kanisa. Akatoka tena, akarudi, akatikisa kichwa. Akatupeleka kwenye ngazi za nje, tukaimba tumelipa kanisa mgongo, na safari hii akaingia ndani, akakaa benchi la mbele kabisa ambako wazee hukaa, akasema huku nako tumewaacha wenyewe. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni na watu wamechoka. Akasimama kwenye kizingiti chenyewe, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, na hapo nikamwona anatazama miguu yake.

Kila sauti akaigawa nusu. Soprano wanane: wanne ndani, wanne kwenye ngazi. Alto hivyo hivyo, teno hivyo hivyo, besi hivyo hivyo. Tukawa nusu mwezi mbili zinazotazamana, mlango ukiwa katikati, na yeye katikati ya mlango. Chini ya ule ufa uliozibwa, ambao saruji yake mpya ilikuwa bado nyeupe. Tukaimba, na tukaharibu kabisa, kwa maana kila mmoja alikuwa amezoea kuegemea sauti ya aliye kando yake na sasa nusu ya wenzake wako mbali. Akatuambia tuimbe chini, chini zaidi, mpaka tusikie upande wa pili. Mara ya nne au ya tano ikakaa. Akatembea hadi mparachichi, akarudi hadi madhabahuni, akarudi mlangoni, na hakusema neno. Alichukua chaki akaandika ubaoni tarehe ya mazoezi yanayofuata.

Nimeimba kwaya zaidi ya miaka 20 na siku zote nilijua kwaya ina mahali pake, mbele, watu watutazame. Pale mlangoni hapakuwa na mbele. Aliye ndani alituona mbavu, aliye nje alituona mbavu. Niligundua kwamba nikiwa sitazamwi naimba kwa namna nyingine, na kwamba nilikuwa nimepoteza miaka mingi nikitengeneza uso.

Uamuzi huo ndio uliotuamulia mengine yote. Kama kwaya iko mlangoni ili watu wa pande mbili waimbe pamoja, basi nyimbo lazima ziwe zile ambazo pande zote mbili wanazo kichwani. Nilikuwa na orodha ya nyimbo 23. Tukaweka kipimo kimoja tu: bibi wa mparachichi aweze kuuimba gizani, bila kitabu. Zikabaki saba.

Wimbo wa “Mfurahini, Haleluya” ulileta mabishano. Bernard Kyamanywa aliuandika mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, kwa tuni ya Kihaya, nao umekwenda mbali, Wajerumani wanao kwenye kitabu chao cha nyimbo, Wamarekani wanao. Kwetu hauhitaji kufundishwa. Mtoto anauokota jikoni. Lakini ni wimbo wa Pasaka, na mzee mmoja anayeijua kalenda ya Kanisa kwa vidole aliuliza, kwa haki kabisa, Pasaka inatafuta nini mwezi wa tisa. Mchungaji akasema kila Jumapili ni siku ya ufufuo, na tarehe 10 ni Jumapili. Ukapita. Kitu cha pili kilichobishaniwa kilikuwa ngoma, kwa maana wimbo ule unaiomba ngoma. Tukaiacha stoo. Mdundo wowote unaoingia kwenye sakafu tuliukataa, tukasema makofi yatatosha. Wimbo wa kumwita Roho tulichukua “Njoo kwetu, Roho Mwema” wa Wilson Niwagila. Nao pia haukuhitaji kitabu.

Kwaya za jirani zilikuwa nane. Tuliziandikia barua kuziomba zije zote, zije bila sare, na zisiketi pamoja bali zichanganyike na watu kwenye mabenchi na kwenye nyasi. Barua hiyo niliiandika mara sita. Kwaya mbili zilikasirika na hazikuja. Sita zilikuja, na baadaye nitasema zilichofanya.

Palipouma zaidi ni kwa vijana wetu wenyewe. Walikuwa na wimbo wa tetemeko, mzuri, walioufanyia kazi karibu mwaka mzima, na aliyeutunga ni kijana aliyempoteza dada yake siku ile. Nilikwenda kumwambia kwamba hautaimbwa. Nilimweleza sababu zote, mlango, bibi, kitabu, naye alisikiliza huku machozi yanamtoka, nikajua kwamba sababu zote hizo zilikuwa sahihi na bado nilikuwa namnyang’anya kitu. Nilirudi kwa Mchungaji usiku ule ule. Akasema: “Huyo ndiye atakayesoma majina.”

Maana maombi tuliyapanga kwanza, nyimbo baadaye, kinyume cha mwaka uliotangulia. Yalikuwa matatu: ya majina, ya shukrani, ya kuombea mji. Kila moja lilifuatwa na kimya cha dakika tatu. Hapo kwenye kimya wazee walisita. Kanisani kwetu kimya kikizidi pumzi mbili mtu huanzisha pambio, kwa kuogopa kwamba kuna kitu kimekwama. Mchungaji akasema basi tukifanyie mazoezi kama tunavyofanyia wimbo. Kwa hiyo mwezi wa nane, kila Jumamosi, baada ya kuimba, kwaya ilisimama mlangoni na kunyamaza, naye akiwa ameshika saa. Jumamosi ya kwanza kufikia sekunde 40 watu walikuwa wanakohoa, wanahamisha miguu, alto mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Ya pili tulifika dakika moja na nusu. Ya nne tulifika tatu, na nikasikia ziwa. Nimezaliwa Bukoba na sikujua kwamba ukisimama kwenye ngazi za kanisa letu unaweza kulisikia ziwa.

Kitu kimoja tulikiacha bila kukiandika popote. Wanauamsho hawapangiwi. Tangu uamsho ulipotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukafika kwetu kupitia Uganda, wao huanzisha wimbo wa “Tukutendereza” pale moyo unapowatuma, katikati ya mahubiri au msibani au kwenye kituo cha basi. Kamati iliniuliza niuweke wapi. Nikasema nisiuweke, ila nipunguze dakika kumi mahali pengine ili utakapokuja ukute kiti.

Jumapili ile tulianza saa kumi na mbili, jua likiwa bado lipo. Milango yote ilikuwa wazi. Kwenye meza ya kizingiti kulikuwa na kikapu na vipande vya karatasi, kila aingiaye na kila apitaye kwenda mtini aliandika au aliandikiwa. Nilisimama hapo kusaidia wasioona vizuri. Wengi walinitajia majina ya marehemu wao. Wengine hawakutaja mtu. Mama mmoja aliniambia niandike “mguu wa mume wangu.” Mwingine, “ukuta wa jikoni.” Yule mzee wa viatu aliandika mwenyewe kwa herufi kubwa, akaikunja karatasi mara nne, na iliposomwa ilikuwa na neno moja: usingizi.

Kijana alizisoma zote kama zilivyoandikwa, amesimama kwenye kizingiti, uso mara ndani mara nje. Karatasi ya dada yake ilikuwa humo katikati. Aliisoma kama nyingine, akapumua, akachukua iliyofuata. Alipomaliza tukanyamaza. Dakika ya kwanza mtoto mmoja alilia akatulizwa. Dakika ya pili nilitazama upande wa ndani, nikatazama upande wa nje, na hapakuwa na mtu aliyekuwa anatafuta pambio.

Kisha Mwalimu akatoa sauti, polepole, do, so, mi, do, na tukaanza wimbo wa Niwagila kwa chini kama tulivyozoea. Hapo ndipo zile kwaya sita zilipofanya kazi yao. Kutoka kwenye mabenchi besi ikainuka katikati ya watu, mahali ambapo mkulima alidhani ameketi na mkulima mwenzake. Alto ikatoka nyuma karibu na nguzo. Kule mparachichini teno watatu waliokuwa wamechutama kwenye nyasi wakaingia. Watu walikuwa wanageuka kutazama sauti inatoka wapi, na kila mahali walipogeukia kulikuwa na mtu wa kawaida asiye na sare anaimba. Waliokuwa wamefunga midomo wakafungua. Huwezi kuona aibu ya sauti yako ikiwa imezungukwa namna hiyo.

“Tukutendereza” ilikuja baada ya maombi ya shukrani. Aliyeianzisha ni mama mmoja aliyekuwa nje, na mara watu wakashikana mikono, kisha wakaanza kupitia mlangoni wakitoka na wakiingia, wakipenya katikati ya nusu mwezi zetu mbili, wakisalimiana. Ilichukua dakika zaidi ya kumi. Niliiacha saa yangu mfukoni.

Giza lilikuwa limeshaingia, na tulikuwa kwenye maombi ya mwisho, ya mji, mvua ilipoanza. Mvua za Bukoba za mwezi wa tisa hazibishi hodi. Waliokuwa ndani wakatazama nje. Nikamwona mzee wa kanisa mmoja anawapungia mkono walio mtini waingie, waje ndani, nafasi ipo. Hakuna aliyesogea. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kanga kichwani, mvua inampiga mabegani, na sikuwa na chochote kwenye daftari kilichoniambia nifanye nini.

Yeye ndiye aliyeita. Sauti yake ilitufikia kwa sababu Mwalimu alikuwa ametusimamisha mahali ambapo sauti ya kule inafika. “Si mna turubai stoo? Lileteni.”

Nikamtazama Mama Mwenyekiti. Alikuwa tayari anashuka ngazi. Vijana wakalitoa, la bluu, bado lina matope ya mwaka ule kwenye pindo, na kwa kuwa hapakuwa na nguzo wakalishika kwa mikono juu ya vichwa vya watu, wale waliokosa nafasi ya kushika wakashika wenzao viuno. Wanakwaya wa upande wa nje wakaacha ngazi wakaenda kushika. Kisha watu wakaanza kutoka ndani, mmoja mmoja, wazee wa benchi la mbele, mke wa Mchungaji, wakaingia chini ya turubai na wao. Kona ya upande wa ziwa, ambako upepo ulikuwa unaliinua, alikuwa ameishika bibi, amesimama juu ya kigoda, na Mama Mwenyekiti amemshika miguu.

Mwalimu alibaki peke yake kwenye kizingiti. Akatupa do. Besi zikaitikia kutoka chini ya turubai.